Pikipiki ndefu, dereva mfupi: ushushe kiti, springi, foki au linki?

Pikipiki za trail ambazo miradi, vituo vya afya na mashirika hugawia wafanyakazi wao hapa Goma zilichorwa kwa watu warefu. Kiti cha Honda CRF250L kiko milimita 875 kutoka ardhini, cha Yamaha XTZ125 ni 840, cha Honda XR150L ni 825. Mwuguzi au agronomu wa sentimita 158, ambaye mguu wake kwa ndani una sentimita 72, akiikalia hiyo ya kwanza hugusa chini kwa ncha za vidole, tena upande mmoja. Akiwa kwenye mwendo hana tatizo. Tatizo huja anaposimama: mbele yake kuna chukudu (skuta ya mbao ya kubebea mizigo) lililosheheni makaa, chini kuna jiwe la volkano linaloviringika, mguu unatafuta ardhi na hauipati, na kilo zaidi ya 140 zinalala ubavu.

Njia za kuziba pengo hilo ziko nyingi, na fundi kwa kawaida hushika ile moja aliyoizoea. Tumeziweka hapa bega kwa bega. Msimamo wetu tunausema mapema: katika mji uliokaa juu ya mawe ya Nyiragongo, ambako lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mitaa, sentimita za kwanza zichukuliwe kwenye kiti na kwenye soli ya kiatu. Hizo hazipunguzi nafasi kati ya tumbo la injini na barabara. Amotisa (kifyonza mshtuko cha nyuma) na foki (mabomba mawili ya mbele) ziguswe baadaye, kwa kiasi, na kamwe usishushe mbele peke yake au nyuma peke yake.

Jua kwanza unahitaji milimita ngapi

"Ishushe kidogo" si kipimo. Vaa kiatu unachoendeshea. Weka pikipiki mahali tambarare, mtu mmoja aishike kwa mbele ili isimame wima. Kaa pale unapokaa siku zote, usijisogeze hadi kwenye tangi. Mtu wa pili asukume vipande vya mbao chini ya miguu yako yote miwili, kimoja baada ya kingine, mpaka nusu ya mbele ya nyayo zote mbili ikanyage imara huku magoti yamelegea kidogo. Shuka, pima unene wa mbao za upande mmoja. Hiyo ndiyo namba yako, na mara nyingi huwa kati ya 25 na 50. Mtu aliyekuja akitaka sentimita kumi hushangaa akiona mbao zake ni sentimita tatu na nusu.

Usidai nyayo zote mbili zilale bapa. Nusu ya mbele ya nyayo mbili, au wayo mmoja mzima, inatosha kushika pikipiki. Anayedai bapa mbili huishia kukata kupita kiasi, kisha anarudi garaji na kava ya injini iliyopasuka.

Kuna jambo la barabara zetu ambalo ni la bure. Tunaendesha kulia, na barabara nyingi zimeinuka katikati na kushuka kuelekea mtaro. Ukisimama ukingoni, ardhi ya upande wa kushoto iko juu kuliko ya kulia. Kwa hiyo mguu wa kushoto ndio wa kukanyaga, wa kulia ubaki kwenye breki ya nyuma. Ukizoea kuhamisha kalio kushoto kabla gurudumu halijasimama kabisa, utapata sentimita mbili bila kufungua bolti hata moja. Bukavu hili lina uzito zaidi, maana huko kusimama kwenye mteremko ni jambo la kila dakika: breki ya mguu lazima ibaki imekanyagwa, na aliyezoea kutua mguu wa kulia anarudi nyuma na abiria wake. Lubumbashi, kwenye lami tambarare, mtu anaweza kushusha amotisa bila kulipia sana, kwa kuwa kitu cha kugonga chini ni kidogo.

| Njia | Kiti kinashuka (mm) | Unacholipia |
|---|---|---|
| Soli nene | sawa na 15–25 | hisia ya gia na breki |
| Sponji na mabega ya kiti | 20–40 | starehe ya safari ndefu |
| Kulegeza springi ya nyuma | 5–15 | uwezo wa kubeba mzigo |
| Kupandisha mabomba ya foki 15 | 5 hivi | nafasi ya gurudumu la mbele |
| Linki ndefu au amotisa fupi | 20–30 | nafasi chini ya injini, tairi kugonga matigadi |
| Kufupisha amotisa na foki kwa ndani | 20–40 | safari ya gurudumu, pesa |
| Tairi au rimu ndogo | 5–20 | nafasi chini, usahihi wa spidomita |

Kwa "safari ya gurudumu" tunamaanisha umbali ambao gurudumu linaweza kupanda na kushuka kabla amotisa haijafika mwisho. Linki ni vile vipande vya chuma vilivyo chini ya amotisa.

Kiti

Urefu ulioandikwa kwenye karatasi za kiwanda hupimwa kuanzia juu ya kiti, lakini mguu unashukia ubavuni. Kiti kipana mbele hulazimisha mapaja yafunguke, na mguu uliofunguka haufiki mbali. Ndiyo sababu kuchonga mabega ya mbele milimita 15 hadi 20 kila upande kunaweza kumfikisha dereva chini karibu sawa na kukata unene kwa kiasi hichohicho, huku makalio yakibaki na sponji yake yote. Anza na mabega. Wengi huanza na unene, wanapata shimo la kukalia na miguu bado iko hewani.

Vua kiti, ng'oa pini za skai (ngozi bandia inayofunika kiti) kwa bisibisi bapa na koleo, moja moja, ili skai itoke bila kuchanika. Rudisha kiti kitupu mahali pake, dereva akae juu ya sponji, na umchoree kwa kalamu ya wino mzito pale mapaja yanapoanza kushuka, kushoto na kulia. Chora pia mstari wa katikati, la sivyo mabega mawili hayatalingana na dereva atakaa amepinda bila kujua kwa nini mgongo unamuuma. Kata kwa kisu kirefu chenye meno. Kisu cha mkate kinafaa. Toa sentimita moja kwa wakati, mkalishe dereva tena, kata tena. Mwishoni lainisha kwa grainda yenye sahani ya msasa mzito, mkono ukiwa mwepesi sana. Sponji inasagika kwa sekunde, na shimo ukishalichimba halijazwi likawa kama zamani.

Chini ya mifupa ya makalio acha milimita 50. Ukifika chini ya 40 kwa sponji ya kiwandani, kila jiwe la mtaa wa Ndosho litapiga bamba la plastiki na bamba litampiga dereva. Kama namba yako bado haijatimia, usiendelee kukata, badilisha sponji. Ondoa ile laini sehemu ya kukalia tu, gundisha ile nzito iliyoshindiliwa kutokana na vipande vya rangi nyingi, ambayo mafundi wa viti na magodoro wanaifahamu. Milimita 40 zake hubeba mtu vizuri kuliko 60 za laini. Juu yake tandaza safu laini ya milimita 10 ili makovu ya kisu yasionekane kwenye skai.

Kabla ya kurudisha skai tandaza nailoni. Pini mpya hutoboa matundu mapya, mvua ya Goma inapita humo, na sponji ikilowa inashika maji siku nyingi na kuoza kutoka chini. Bana kwanza katikati ya mbele, kisha katikati ya nyuma, halafu ubavu kwa ubavu ukivuta kwa nguvu sawa. Ukianza kwenye kona, mikunjo yote inakusanyika kona ya pili.

Kosa ambalo hurudishwa garaji mara nyingi ni mteremko. Fundi anakata mbele tu, kiti kinainama kuelekea tangi, na kila dereva anapobana breki anateleza mbele hadi mikono inabeba uzito wa mwili. Baada ya saa moja viganja vinakufa ganzi. Sehemu ya kukalia iwe tambarare kwa sentimita 25 angalau, kisha ipande ghafla kuelekea nafasi ya abiria. Nusu ya abiria usiiguse: ngazi inayobaki hapo humshikilia dereva anapopanda mlima, na abiria anaona mbele vizuri zaidi.

Pikipiki ikiwa ya mradi, tafuta kiti cha pili kilichochoka cha modeli hiyohiyo, ukikate hicho. Cha kwanza kikae stoo. Mfanyakazi akihamishwa, anayekuja anarudishiwa kiti chake kwa bolti mbili.

Kiti kikishuka, usukani utaonekana umepanda. Legeza vibano vyake, uzungushe nyuma kidogo, kisha geuza usukani hadi mwisho kushoto na kulia kuhakikisha kebo ya gesi haivutwi. Injini ikipandisha mzunguko yenyewe unapokata kona, kebo ndiyo inavutwa.

Soli

Hii inadharauliwa bila haki. Fundi viatu anaweza kuongeza tabaka la mpira la milimita 15 hadi 20 kwa gundi na kushona ukingoni. Tabaka lifunike wayo mzima. Kisigino kikiinuliwa peke yake hakisaidii kitu, kwa kuwa nusu ya mbele ya wayo ndiyo inayotangulia kugusa. Mpira wa tairi ni mzito lakini hushika jiwe lililolowa kuliko soli za plastiki.

Buti likishanenepa, vidole havitaingia chini ya mkono wa gia. Fungua bolti ya mkono huo, uuchomoe kwenye meno yake, urudishe jino moja juu zaidi. Pandisha na pedali ya breki kwa skrubu yake, kisha upime upya mchezo wa fimbo ya breki na swichi ya taa ya nyuma. Pedali ikibaki chini, dereva atakunja kifundo cha mguu kuitafuta, na wakati wa dharura atachelewa. Zaidi ya milimita 25 hatushauri: mguu unakuwa kiziwi, dereva anaacha kidole juu ya gia bila kujua.

Springi ya nyuma

Dereva mfupi mara nyingi pia ni mwepesi, na hapo ndipo pana zawadi ambayo hata mafundi wazuri wanaisahau. Springi ya kiwandani imekusudiwa mtu mzito kuliko yeye, tena mwenye mizigo. Mtu wa kilo 55 haishushi vya kutosha, kwa hiyo pikipiki inasimama juu kuliko inavyopaswa hata kwa mujibu wa walioitengeneza.

Pima mara tatu, kutoka ekseli ya nyuma kwenda juu wima hadi bolti moja ya mkia, siku zote ileile. Kwanza gurudumu likiwa hewani. Pili pikipiki ikisimama kwa uzito wake. Tatu dereva akiwa amekaa na begi analolibeba kila siku. Tofauti ya kipimo cha kwanza na cha tatu iwe kama theluthi moja ya safari ya gurudumu: kwenye safari ya milimita 180, ni 60 hivi. Ukipata 40, legeza pete ya springi kwa spana ya ndoano na upime tena. Kwenye amotisa mbili za pembeni zenye kikombe cha ngazi, rudisha ngazi moja kila upande, zote mbili sawa. Milimita 10 hadi 15 hurudi hapo, na safari inakuwa laini, kwa sababu gurudumu sasa linaweza kushuka kufuata shimo badala ya kuruka juu yake.

Simama kabla springi haijalegea kabisa. Gurudumu likiwa hewani, springi ishikwe kwa mkono: ikizunguka au ikigonga, umepita kiasi, na kwenye baadhi ya amotisa kikombe cha kushikilia springi kinaweza kuchomoka njiani. Anayebeba abiria wawili, bidoni za maji au magunia ya viazi asitumie njia hii hata kidogo. Springi yake inahitaji kukazwa, na atakayeshuka kwa kulegeza atagonga mwisho kwenye tuta la kwanza akiwa na mzigo.

Foki: ni ya kusawazisha

Foki ni yale mabomba mawili ya mbele, yanayobanwa na vishikio viwili, cha juu karibu na usukani na cha chini juu ya tairi. Ukilegeza vishikio na kusukuma mabomba yapande, sehemu ya mbele ya pikipiki inashuka. Inavutia kwa kuwa haina gharama. Lakini kiti kiko karibu zaidi na gurudumu la nyuma: ukishusha mbele milimita 15, kiti kinashuka 5 tu. Kazi halisi ya foki ni kuifuata nyuma baada ya nyuma kushushwa.

Ukishusha mbele peke yake, pembe ya foki inasimama na usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi. Juu ya changarawe nyeusi kuelekea Sake, usukani huo unatikisika mkononi. Ukishusha nyuma peke yake, gurudumu la mbele linakuwa kama limepoteza uzito, pikipiki inakataa kukata kona, na taa inamulika vilele vya miti. Nyuma ikishuka 25, mbele ishuke 20 hadi 25.

Egemeza injini juu ya kigogo mpaka gurudumu la mbele liachane na ardhi kidogo. Legeza bolti za kishikio cha juu, kisha za chini, bomba moja baada ya jingine. Sukuma, upime kwa rula kutoka uso wa kishikio cha juu hadi ukingo wa bomba, bila kuhesabu kifuniko. Kushoto na kulia visitofautiane hata milimita moja, la sivyo ekseli itakaa mshazari. Bolti mbili za kishikio cha chini zikazwe kwa kupokezana, kwa kuwa kukaza moja huilegeza nyingine, na nguvu ya kukaza iwe ile ya kitabu cha pikipiki. Anayekaza kwa hasira hulibana bomba likawa yai, na foki inakwama hapo kila inapopita. Kishikio kibane sehemu iliyonyooka ya bomba tu, si pale linapoanza kubadilika unene.

Halafu swali la maana: foki ikizama yote, nini kitagonga nini? Pima nafasi kati ya matigadi (au tairi, kama matigadi imefungwa juu) na kishikio cha chini. Iwe kubwa kuliko safari nzima ya gurudumu kwa milimita 10 au zaidi. Matigadi iliyokaa karibu na tairi ndiyo hugonga honi au kishikio, na ikigonga wakati wa breki kali gurudumu linaweza kusimama palepale.

Linki ndefu dhidi ya kufupisha kwa ndani

Hapa ndipo pesa zinapopotea, na hapa ndipo tunapingana na mazoea ya mafundi wengi.

Pikipiki yenye amotisa moja katikati kwa kawaida ina linki, vile vipande viwili bapa vya chuma chini ya amotisa. Kwenye nyingi, linki ndefu kwa milimita chache tu hushusha nyuma milimita 25 au zaidi. Kazi ni ya nusu siku, na fundi wa kuchomelea atakuahidi kukutengenezea kwa chuma chochote alicho nacho. Tatizo ni kwamba amotisa yenyewe haijafupishwa. Gurudumu bado lina safari ileile, ila sasa inaanzia juu zaidi na kuishia juu zaidi, ndani ya matigadi. Tena linki ndefu hubadilisha nguvu ya wenzo, springi inakuwa kama imelainika, kwa hiyo mwisho wa safari unafikiwa mapema kuliko zamani. Siku ya kwanza ikiwa na abiria, tairi inalamba matigadi, waya za taa ya nyuma zinakatika, na dereva analalamikia umeme.

Ukiamua linki, fanya jaribio hili kabla ya kulipa. Ondoa springi kwenye amotisa, rudisha amotisa tupu, inua gurudumu kwa jeki mpaka mpira wa mwisho ubanwe. Angalia tairi na matigadi, bomba la ekzosi, waya, mpira wa breki. Tunataka milimita 20 za nafasi, si 10, kwa sababu msimu wa mvua matope hujaa humo. Linki za kutengeneza mtaani zitobolewe zikiwa zimebanwa pamoja, mbili kwa mara moja, zisiwe nyembamba kuliko za kiwandani. Tundu likitofautiana nusu milimita, upande mmoja unabeba mzigo wote na bushi zinakwisha mshazari.

Kwa pikipiki za amotisa mbili za pembeni, linki hazipo. Hapo hubadilishwa amotisa: ya milimita 340 kati ya tundu na tundu ikiwekwa ya 320, nyuma inashuka 20 na zaidi kidogo. Angalia kwamba fupi hiyo ina nguvu ileile ya springi. Kuchomelea sikio jipya la kufungia amotisa kwenye fremu ni kosa lisilorekebishika. Chuma cha hapo hupasuka kando ya mchomo.

Kufupisha kwa ndani hufanya kazi kinyume: kunaondoa sehemu ya chini ya safari, ile ya gurudumu kushuka, na kuiacha sehemu ya juu kama ilivyokuwa. Tairi haipandi zaidi ya zamani, kwa hiyo haigongi kitu kipya. Pikipiki inashuka mbele na nyuma sawa na usukani unabaki na tabia yake. Kwa barabara zetu ndiyo njia tunayoiamini kuliko zote za kugusa amotisa.

Foki nyingi za trail ndogo zina fimbo ya ndani yenye kichwa, inayoshikwa na bolti ya aleni kutoka chini. Toa gurudumu, fungua kifuniko cha juu ukikikandamiza kwa kiganja maana springi inasukuma, toa springi, mwaga oili, fungua bolti ya chini, tenganisha mabomba. Kwenye fimbo, chini ya kichwa pale ilipo springi ndogo ya kuzuia mgongano, ingiza bushi iliyokerezwa kwa aluminiamu au nailoni ngumu. Urefu wake ndio kiasi cha kushuka: bushi ya 30, foki fupi kwa 30. Iingie kwa ulegevu, miisho ikatwe pembe mraba, na isizibe matundu ya oili ya fimbo. Bomba la plastiki la maji halifai hapo, linapigwa kila gurudumu linaposhuka na kuvunjika vipande ndani ya oili.

Sasa jambo ambalo likisahauliwa kazi yote inaharibika. Juu ya springi kwa kawaida kuna kipande cha bomba kinachojaza nafasi hadi kifuniko. Kikate kwa urefu uleule wa bushi. Usipokikata, springi inabanwa milimita 30 za ziada, foki inakuwa mti, na dereva wa kilo 55 anarushwa kwenye kila kokoto. Oili ipimwe kama kitabu kinavyosema, foki ikiwa imezama na springi nje, kiwango hakibadiliki. Weka sili mpya na washa mpya ya bolti ya chini.

Amotisa ya nyuma yenye gesi usiifungue kwenye garaji ya kawaida. Ndani mna naitrojeni yenye shinikizo kubwa, na kifuniko kinaweza kuruka usoni. Ni kazi ya warsha yenye chupa ya gesi na vifaa vyake, au unanunua amotisa fupi iliyotengenezwa kwa modeli yako.

Kukata springi kwa grainda ni nje ya ulinganisho. Springi iliyokatwa inakuwa ngumu zaidi, mwisho wake hauketi bapa kwenye kikombe, na gurudumu likining'inia springi inabaki huru. Tairi nyembamba nayo inaleta kidogo: kutoka 3.00-18 kwenda 2.75-18 ni milimita 6, na hizo zote zinatoka kwenye nafasi ya chini ya injini.

Kwa namba yako ya mbao

Ikiwa mbao zilikuwa 25, soli ya 15 na mabega ya kiti yamemaliza kazi, garaji ya amotisa huihitaji. Ikiwa 40: kiti 25, springi 10, soli kidogo. Motari anayebeba watu achukue yote kwenye kiti na soli, aache springi. Ikiwa 60 na zaidi, ongeza kufupisha kwa ndani 30 mbele na nyuma, pamoja na kinga ya chuma chini ya injini. Au, kabla ya kulipa, mwombe mkuu wa mradi abadilishe pikipiki. Kutoka CRF250L kwenda XR150L ni milimita 50 bila kisu wala bushi, na Yamaha AG za shambani zilitengenezwa kwa ajili ya kupanda na kushuka mara nyingi kwa siku.

Kabla ya kuirudisha barabarani

Amotisa ikishushwa 20 au zaidi, stendi ya pembeni inakuwa ndefu mno. Pikipiki inasimama wima karibu kabisa, na ikiegeshwa kulia mwa barabara, ambako ardhi inainamia mtaroni, inaangukia kulia. Kata stendi katikati ya mguu, ondoa kidogo kuliko ulichoshusha (kwa 30 anza na 22), shikisha kwa nukta mbili za mchomo, isimamishe, itikise, ndipo uchomelee yote. Kabla ya kuchomelea ondoa waya wa betri. Stendi ya katikati nayo ikatwe miguu yote miwili sawasawa, vinginevyo mtu mfupi hataweza kuipandisha juu yake.

Mnyororo upimwe upya. Unakuwa umekaza zaidi pale ekseli ya nyuma, mhimili wa mkono wa gurudumu na sproketi ya mbele vinapokuwa kwenye mstari mmoja. Mkalishe mtu mzito, au vuta nyuma kwa mkanda mpaka vitatu hivyo vinyooke, na hapo mnyororo bado uwe na mchezo wa sentimita moja na nusu hivi katikati. Namba ya zamani, ya pikipiki ikiwa tupu, haiaminiki tena, na ukiuacha mnyororo umekaza mno, bearingi ya sproketi ya mbele itaanza kulia na kuvuja oili. Shusha taa usiku mbele ya ukuta, dereva akiwa amekaa. Baada ya wiki moja kaza tena bolti za vishikio vya foki na za linki, kwa spana ya kipimo.